Sufuria ya Uzi Mwekundu

Ipo bado juu ya kabati, nimeifunika kwa kawa,
mkono wake mmoja umefungwa uzi mwekundu.
Mwenzake, ya uzi mweupe, iko dirishani.
Hazijawahi kulala rafu moja.

Mpangaji wetu alikuwa fundi saa, Menahemu,
chumba cha uani, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Siku ya kwanza alimwambia bibi, Mwanakheri binti Shekue:
"Chakula changu sharti kiwe kosha."
Bibi akaleta birika na beseni,
akamkosha mikono mpaka viwikoni.
Alitulia, akaoshwa. Kisha akacheka peke yake.
"Kosheri, mama. Maana yake kinachofaa.
Lakini maji ni mwanzo mzuri."

Bibi hakutishika. Kuchinja alikujua,
damu kumwagwa aliijua,
nguruwe hakuwa na hadithi nyumbani kwetu.
"Kumbe ndugu," akasema.
Ila undugu nao una kuta zake:
kamba wa Sahare waliturudia, na kaa, na pweza,
papa mkavu alimkwepa kama mtu anayemdai.
Alichukua changu, akapitisha ukucha toka mkiani,
akasikiliza magamba. Yapo. Anafaa.
Yai alilipasulia kwenye bilauri, akaliinua juangani;
nukta moja ya damu, lote chini.
"Na ngamia?" bibi akauliza, maana mtaa ni wake.
"Anacheua, kweli. Kwato ndizo zilizomponza."
"Basi Ngamiani unakaa kwa kuvumilia."

Nyama ilimfika mara mbili kwa mwaka.
Dada yake aliileta kwa treni toka Nairobi,
imekwisha chinjwa kwao, imekwisha lala chumvini.
Alikula saa nne asubuhi, akajifuta mdomo.
Nikamuuliza kama nimletee chai ya maziwa.
"Baada ya saa sita," akasema.
Adhana ya adhuhuri ilipotoka nikapiga hodi, kikombe mkononi,
na saa zake zote ukutani zikiniunga mkono.

Akanihesabia kwa vidole:
saa sita za kungoja,
siyo saa sita ya mchana.
Chai ikapoa kati yetu, ikafanya utando.
"Kwani maziwa yakikuta nyama tumboni yanakuwa sumu?"
"La. Maziwa mama alimwekea mwanawe.
Siwezi kumpikia mwana humo humo."
Aliweka koleo chini.
"Mengine sijui. Wapo wanaosema ni afya.
Mimi pweza nimemwona: ananishinda kwa usafi.
Ila kila tonge huniuliza, wewe wa nani?
Nami husita kidogo.
Basi."

Nyama ya pili ilipokuja, bibi aliitia tui.
Menahemu alifunua sufuria ya uzi mwekundu,
akaona weupe, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.
Hakumlaumu mtu. Alirudisha mfuniko
polepole, kama anayemfunika mgonjwa shuka.
Bibi akatoka. Akarudi na nazi, kifumbu,
na mbuzi chini ya kwapa.
Akamkalia mbuzi pale pale mlangoni, akakuna,
akakamua mbele ya macho yake.
"Tui, baba. Maziwa yana jina lake.
Mbuzi wangu huyu ni wa mti, ulimi wa chuma, hana mtoto.
Na mnazi haujamnyonyesha mtu."

Alinusa. Akaomba aione tena, tangu kukuna.
Bibi akaanza upya, nazi nyingine, bila kununa.
Siku ile alilamba mpaka mwiko,
na saa moja ya mteja ikalala bila kutiwa ufunguo.

Wote wawili sasa wako udongoni, kila mmoja kwao.
Jana mke wa mwanangu, mwenye haraka zake,
aliishusha ile ya kabatini achemshie maziwa.
Nikamshika kiwiko.
"Kwani hapa nani Myahudi?"
Swali la haki. Nilitafuta jibu, sikulipata.
Nilisita kidogo,
nikampa ile ya dirishani.