Nyuzi Thelathini na Mbili

Ghala la Etelka, nje kidogo ya Karcag,
lina paa la bati na kipimajoto kimoja
alichoachiwa na mumewe pamoja na madeni.
Julai nzima hukisoma kabla ya barua.

Thelathini na moja: mbolea imetulia magunini.
Thelathini na mbili: husikii kitu.
Lakini ndani ya kila punje safu zimevunjwa,
kila chembe imemgeukia jirani mwingine,
imedai nafasi, na punje imevimba
kiasi ambacho jicho halioni
wala mizani haijui.

Usiku tambarare inapoa. Chumvi inarudi
katika mpangilio wake wa asubuhi
kama wanafunzi waliopigiwa kengele,
ila ufa mwembamba umebaki.

Kesho tena. Keshokutwa tena.
Kufikia Agosti punje zimekuwa unga,
unga umeshikana, gunia limekuwa jiwe,
na Bálint, aliyekuja na trela la kuazima,
analipiga teke:
"Hili liliachwa mvuani, mama?"

Mvua! Tangu Mei halijadondoka tone.
"Si mvua," anasema Etelka. "Imehamahama tu,
ndani ya ngozi yake yenyewe."
Bálint anamtazama, anaomba apunguziwe bei,
anapunguziwa, anapakia.

Jioni anafungua milango yote miwili,
anasimama chini ya kipimajoto, gauni limemganda mgongoni,
anangoja namba ishuke.
Thelathini na tatu.
Bado thelathini na tatu.
Anajaribu kuivua pete anawe mikono.
Haitoki.