Harufu ya Tango

Jumamosi, digrii kumi na moja chini ya sifuri,
Danguolė hakubali kushinda ndani akihesabu vidonge.
Anaburura kiti cha jikoni hadi katikati ya ziwa,
anatoboa barafu kwa keekee ya marehemu mumewe.

Majirani wametapakaa, kila mtu na tundu lake.
“Wanakula?”
“Wanaonja tu.”

Mjukuu, Ugnius, analalama: vidole, pua,
simu imezimika kwa baridi.
Mara uzi unashtuka:
samaki mwembamba kama mpini wa kijiko,
ananukia tango lililokatwa sasa hivi.

Mtoto anamnusa.
Anamnusa tena.
“Bibi, huyu katoka Julai.”

“Mtie ndooni,” anasema, akimpulizia vidole,
“na uzi usiulegeze.
Bado kumi na tisa ndipo tukaange.”