Herufi Moja

Bwana Cishugi, ni mimi tena.
Bahasha ni ileile ya kaki,
nimeifunga ndani ya mfuko wa sukari
maana mvua ya Bukavu haimuulizi mtu anakwenda wapi,
na kutoka Kadutu hadi dirisha lako
ni mteremko, matope, mteremko, kisha ngazi.

Miaka minne nilisoma Kigoma.
Kule waliniita Nesi.
Nilikula kiapo nimeshika mshumaa,
nta ikanidondokea kidoleni, sikuthubutu kusogea.
Nilizalisha watoto mia moja na kumi na wawili.
Nimewaandika wote katika daftari hili
ulilolipindua-pindua siku ile ukasema:
halina mhuri.

Hapa jina langu ni Dosie.
Dosie haijatimia.
Dosie inataka picha nne, nyuma pawe peupe;
nilikuwa nimeleta za bluu.
Dosie inataka Kifaransa
cha mtu aliyeapishwa,
na aliyeapishwa anataka dola kumi kwa ukurasa,
noti zisizo na mkunjo wala ncha iliyochanika.
Mama alizipiga pasi ya makaa
katikati ya vitenge viwili,
akizipulizia kama vidonda.

Niliisoma tafsiri nimekaa kwenye ngazi zako
kama barua ya mtu mwingine.
Palipokuwa na uchungu wa kuzaa
wameandika kazi.
Nikacheka peke yangu.
Mama mmoja mwenye beseni la sambaza akasimama:
"Kuna nini?"
Nikamwambia, kwa Kifaransa
mwanamke mwenye uchungu yuko kazini.
Akalitengeneza beseni kichwani.
"Basi wamlipe," akasema, akashuka zake.

Sasa nikuambie jambo ambalo halimo kwenye bahasha.

Usiku ule wa Februari udongo ulipoporomoka
ukafunga njia ya hospitali,
mume wa jirani aligonga mlango wetu kwa viganja viwili.
Kwa sheria yenu mimi nilikuwa mpita njia.
Nilinawa mpaka viwikoni, kama nilivyofundishwa,
na mikono ikatetemeka, wala si kwa baridi:
mtoto huyu asipolia,
nitajibu kwa jina gani?

Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingo mara mbili.
Nilikivua taratibu
kama mtu anavyomvua mtoto shanga asiamke.
Halafu kimya.
Nikamsugua mgongo, nikahesabu.
Nikafika saba.
Sitaki kukueleza hiyo saba.

Kwenye nane alilia, bati zima likasikia.

Huyo sikumwandika popote.
Wa mia moja na kumi na tatu
anaota meno sasa, hana mhuri.

Jana ukanipigia simu: "Imetoka."
Nikapanda na viatu vya kanisani.
Kweli, imetoka. Mhuri wa zambarau,
sahihi tatu, mmoja ametia wino mwingi,
nambari yangu yenye tarakimu sita
ambayo nimeshaijua kwa kichwa,
na juu, kwa herufi kubwa, jina:
NZIMIRE.

Palipo na S umeweka Z.
Nzi ametua juu ya jina langu.

"Herufi moja tu, mama," ndivyo ulivyosema,
ukaanza kutafuta funguo za kabati.

Kigoma tulikuwa na mwalimu, Bibi Ntahondi,
mfupi, mkali, ananuka karafuu.
Chupa ya dawa alitusomesha mara tatu:
unapoichukua, unapovuta sindano, unapoirudisha.
Siku moja mwenzetu alisoma mara mbili.
Bibi Ntahondi hakupiga kelele.
Alimpeleka chumba cha maiti,
akamwonyesha kitanda kitupu, akamwambia:
"Hiki ni cha herufi moja."

Kwa hiyo nimekaa, Bwana Cishugi.
Benchi hili nalijua, msumari wake naujua ulipo.
Jumatatu wananisubiri wodini,
na sitaki kuingia na sahihi ya mwanamke nisiyemjua.
Chukua kalamu. Nitakutajia polepole.

N, kama nesi.
S. Hapana, isikilize kwanza.
S, kama sambaza.