Shimo la Leo

Saa kumi na moja kasorobo, Oro Valley bado giza.
Mlinzi wa geti anasoma kadi yangu
kana kwamba jana hakuisoma.
Ndani, kuta ni rangi ya mchanga, mapaa rangi ya mchanga,
hata visanduku vya barua, kwa amri ya kamati.
Halafu, ghafla, kijani,
kijani kisicho haya.

Halvorsen aliyeuchora hakutandika zulia zima.
Alikata viraka: kimoja cha kuanzia,
kisha hatua mia na hamsini za mawe, miiba, nyoka mwenye njuga,
kisha kiraka cha kutua,
kisha jangwa tena, na kule mbali, bendera.
Hapa mpira hauburuziki hadi ufike;
ama uruke, ama upotee.
Njia ya tatu inakuchekea kwa upana wake,
ukikaribia unaikuta mitego minne ya mchanga
imechuchumaa nyuma ya kilima kama wadai.

Kwenye ya saba, sagwaro amesimama katikati,
mzee kuliko jimbo lenyewe. Sheria inakataza kumgusa.
Halvorsen akaipinda njia, akapita pembeni
kama mtu apitaye mbele ya mkwe.
Wanachama hawakupinda. Nimehesabu mwilini mwake
mipira kumi na tisa, imezama nusu,
na tundu moja la kigogota mwenye makinda.

Mwezi wa kumi tunanyoa nyasi za joto, tunamwaga mbegu za baridi.
Zikichelewa, Anselmo hunivika pipa la rangi mgongoni.
Ndiyo, tunapaka.
Viatu vyangu ni kijani hadi kamba.
Na maji ya mabomba ya zambarau
yamekwisha kuogewa, kufuliwa,
na mengine ambayo wanachama hawapendi kuambiwa.
Kule Uvira mama aliosha mchele,
maji yale akayamwagia vitunguu.
Angecheka: kumbe matajiri nao wanajua!

Kazi yangu ni shimo. Kila alfajiri nalihamisha.
Nasimika kikatio, nazungusha, nang'oa donge la nyasi na udongo,
kwa donge hilo naziba shimo la jana,
nakanyaga kwa kisigino, nanyunyiza.
Bwana Pruitt hajui kwamba hasira yake ya Jumamosi
ilianzia kwenye goti langu:
lilikuwa likiuma, sikupanda hadi juu,
nikaliweka shimo hatua nne kutoka ukingoni,
pale mteremko unapogeuza uso.
Mpira wake ulilisogelea, ukachungulia,
ukaondoka zake mchangani.
Alitupa fimbo. Mimi nilikuwa napangusa reki.

Usiku nguruwe wa jangwa waliingia, ukoo mzima, bila kadi,
wakailima njia ya tano wakitafuta viwavi.
Anselmo analaani kwa Kihispania, mimi kwa Kifulero,
tunajaza mchanga.

Kunapambazuka. Kwale wanavuka, mama mbele.
Nazima kigari, nawangoja wapite wote, hata yule wa mwisho anayejikwaa.
Leo goti limetulia.
Nalipeleka shimo juu.