Mzima Feni

Ukumbi wa Shauri Moyo una feni tano.
Nne huzunguka, ya tano hulia kama mbuzi aliyesahauliwa kambani.
Saa nane mchana, Kisumu ikitokota,
mabati yakialika kwa jua, ta, ta,
Bi Zoya huinua kidole kimoja
nami nazima zote.

Ndiyo kazi yangu: funguo, fagio, swichi.
Utepe wa mita sita haupendi pumzi ya mwingine,
unataka hewa iliyotulia kama maji ya mtungini
ili uchore humo kile mkono ulichokusudia.
Hayo nilifundishwa na Bi Zoya,
aliyeletwa na mhandisi Ogalo kutoka Urusi, zamani hizo.
Mhandisi akafa, yeye akabaki
akiwahesabia wasichana wetu kwa lugha ya kwao,
raz, dva, tri,
na Akeyo, miaka minane, akimjibu kutoka mlangoni:
achiel, ariyo, adek.

Alikuwa amekuja kumsubiri kaka yake wa karate.
Alisubiri miaka tisa.

Utepe wake wa kwanza ulitoka Kibuye,
masalio ya gauni la bibi harusi;
mamake aliupiga pindo kwa mkono, akaufunga kwenye ufito wa mwanzi.
Mpira wake wa kwanza bado uko juu ya boriti.
Nilipanda ngazi mara mbili. Mara ya tatu nikasema,
uache, dari nayo ina haki ya kucheza.

Nimeona mengi nikijifanya napiga deki.
Nimemwona akirusha pete hadi karibu na bati,
akajiviringisha sakafuni bila kuitazama,
akainuka mguu mmoja uko sikioni,
na pete ikamshukia shingoni kama ng'ombe anayejua boma lake.
Nimemwona pia akilia nyuma ya viti vya plastiki
kwa sababu ya kilo moja na nusu.
Nilimpa ndizi. Bi Zoya aliiona,
akageuka, akausoma ukuta.

Nakuru alipata shaba. Nairobi, fedha:
alipungukiwa robo alama,
nami usiku ule nilikula ugali nikiitafuna hiyo robo.

Kisha Kairo. Miaka kumi na sita,
koti lenye bendera, mikono mirefu kuliko yake.
Nilitazama kwa simu ya mlinzi wa benki, picha ikikatikakatika.
Akaingia. Akasimama. Muziki.
Sekunde ya arobaini, utepe ukajifunga fundo
palepale hewani,
fundo dogo, kama la leso ya kuwekea sarafu.
Aliendelea, akitabasamu kwa meno yote,
fundo likimfuata.

Usiku alinipigia. "Bwana Feni, u mzima?"
Nikamwambia mimi siku zote ni mzima feni.
Hakucheka.
"Huku kiyoyozi kinapuliza kutoka pembeni," akasema.
"Huku upepo hauna swichi."

Nimekaa na maneno hayo.
Miaka yote hiyo nilimtengenezea dunia isiyopumua
nikadhani namsaidia.

Nyonga ikamaliza yaliyobaki.
Kwenye ile hospitali ambayo sisi tunaiita Russia
(hata Bi Zoya alicheka, siku moja tu)
daktari aliinua picha dirishani,
mfupa umelika kama ekseli ya tuktuk,
akasema hapana, kwa upole, mara mbili.
Miaka kumi na saba, mstaafu.
Mimi hamsini na minane, bado nabeba funguo.

Jana alikuja, sketi ya shule, akichechemea kidogo,
na ule utepe wa Kibuye mfukoni, umegeuka manjano.
Saa nane. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye swichi.

"Hapana," akasema. "Washa zote."

Nikawasha. Hata ile mbuzi.
Hakuruka. Alisimama katikati, mkono juu,
na utepe ukaenda ulikotaka,
ukajikunja, ukajifunga, ukajifungua,
ukampiga usoni, akauacha umpige.

Sijui tulikaa muda gani.
Bili ya umeme nitaieleza mwisho wa mwezi.