Daftari la Mahudhurio

Jalada jeusi, mgongo umeliwa na mende.
Ndani, wino wa bluu, mwandiko wa shule ya misheni,
herufi zimelala upande mmoja
kama migomba baada ya upepo.
BARAZA, MOSHI. Chini yake mwaka.
Chini ya mwaka, watu.

Waliochaguliwa ni kumi na wanane.
Kiletewa Shao, Machame.
Aminieli Mlay, Marangu, mwalimu, mwenye kikohozi.
Melkiori Tarimo alitoka Rombo kwa baiskeli
siku moja kabla, akalala kwa shemeji yake Njoro,
asubuhi akaingia na suruali bado imebanwa kwa vibanio vya nguo.
Walioingia kwa ukoo ni sita:
hawakupigiwa kura na mtu, wala hawakuona haya.
Na mmoja wa kuteuliwa, mwenye duka la vitenge,
aliyekaa miaka minne bila neno
ila "Naunga mkono," kisha akatazama saa.

Juu yao wote, Mwenyekiti, Bwana Elinasi Mtui.
Koti la sufu hata Februari,
mji mzima ukitokwa jasho.
Kengele ya shaba mkono wa kushoto.

Nukta maana yake yupo.
U ni udhuru.
Msalaba mdogo ni yule
asiyeitwa tena.

Baba alikuwa karani. Miaka kumi na moja
alisimama mlangoni akaita majina ya wenzake,
na jina lake halikuitwa na mtu.

Ukurasa wa thelathini wanagombea mfongo:
nani afungulie maji mchana, nani usiku.
Siku tatu. Nukta zimejaa, hata za wagonjwa.
Wiki inayofuata ni fedha za zahanati,
na safu nzima ni U, U, U,
vikombe vitupu vimepangwa mezani.

Jina la mwanamke hamna.
Mama alikuwa nje, chini ya dirisha,
anachoma ndizi, anasikia kila kitu.
Siku ya hoja ya mirathi alijibu kwa sauti,
tena mara mbili, ndizi zikaungua,
Mwenyekiti akageuza kengele akaipigia dirishani.
Baba akaandika: *Kelele kutoka nje.*
Mwaka uliofuata akazioa kelele hizo.

Kisha ikaja barua, aya mbili na mhuri.
Baraza limefikia kikomo.
Karani ahesabu viti, akabidhi funguo.
Mkutano wa mwisho walikuja wote,
hata mwenye duka, na siku hiyo hakutazama saa.
Nukta, nukta, nukta.
Chini kabisa, kwa penseli, jina la baba
na nukta yake,
amekandamiza hadi karatasi imetoboka.
Ukifungua ukurasa wa pili unaona tundu.

Nilidhani daftari linaishia hapo.
Lakini kurasa sitini zilibaki nyeupe,
na mama hajapata kuacha kitu kikae bure.
*Maziwa. Ng'ombe wawili. Wateja:*
Mama Ndewirwa, lita moja.
Fundi cherehani wa Kiboriloni, nusu lita.
E. Mtui, lita mbili, atalipa Jumamosi.

Aliazima alama za baba.
Nukta, amelipa.
U, unajua mwenyewe.

Mwenyekiti alikuja na kopo lake mwenyewe, asema mama,
alisimama mlangoni pale pale, koti lile lile,
akisubiri aitwe.
Alimwita "Mheshimiwa" kila asubuhi
na kila asubuhi akamwandikia deni.
Machi yote ni U.
Aprili, tarehe tisa, msalaba mdogo,
halafu mstari mmoja, mwandiko wa mama umeharakishwa:
*lita nne, kwa Mtui, za msibani.*
Safu ya bei hakuijaza.