Kisicho na Moshi

Baba hakuwahi kushika sululu.
Dhahabu ilimfuata yeye, kwa basi la Singida,
imefungwa kwenye soksi ya mtoto,
wala haikuwa ya njano.
Lilikuwa donge jeupe, laini kama siagi ya asubuhi,
zito hata mkono unashtuka.
Wachimbaji walishalikamua kwenye kipande cha kanga,
zebaki ya ziada ikadondoka karaini,
na ile iliyobaki imeing'ang'ania dhahabu
kama mdai aliyemkuta mdeni sokoni.

"Hii ni ndoa," Baba alisema, akilipima.
"Mimi kazi yangu talaka."

Nyuma ya duka la Harshad, uchochoro wa Bondeni,
jiko la mkaa, kikaango cha chuma
(chuma tu; chuma na zebaki hawasalimiani),
na kiazi kimoja kikubwa
kutoka kwenye fungu la Mama pale Mbuyuni.
Alikikata nusu. Akakichimba kwa kijiko.
Akalifunika donge kama anayefunika kifaranga.

Zebaki ikapanda, ikagonga paa la kiazi,
ikageuka matone ndani ya nyama yake.
Kiazi kilipochoka, ikapita.

Sisi watoto tulichuchumaa kungoja moshi.
Hatukuuona.
"Mnaona? Safi. Jiko la mama yenu lina uchafu kuliko hili."
Tumezaliwa Moshi, na akili yetu ilikuwa ya jina hilo:
kinachodhuru hukohoza watu, huwatoa machozi,
huandika darini kwa masizi.
Hiki kilituingia puani
kama mgeni aliyevua viatu mlangoni.

Na chini ya kiazi, dhahabu:
matundu matundu, rangi ya ugoro,
haing'ai hata kidogo.

Jumatatu moja Mama alifua koti la kazi.
Mfukoni shanga mbili za zebaki zilikuwa zinasubiri.
Alipotoa mkono majini
pete yake ya ndoa ilikuwa imeota mvi upande mmoja.
Baba akacheka: ivue, niipitishe motoni, itarudi.
"Itarudi yote, Anaeli?"
Baba alikuwa mtu wa mizani.
Kuhusu uzito hakuweza kudanganya.
Akanyamaza,
na Mama akaitia pete kwenye kopo la majani ya chai.

Mkono ulianza na chai, kweli.
Kisahani kikajaa kabla ya kikombe kufika mdomoni.
Kisha vijiwe vya mizani vikaanza kumponyoka,
cha gramu moja, cha nusu,
Harshad akipiga magoti kuvitafuta chini ya meza
bila kusema neno.
Mwaka huo huo alinunua chungu cha chuma chenye kifuniko
na bomba linaloishia majini.
Tone. Tone. Tone.
Baba alikaa akilitazama bakuli likijaa,
akahesabu kwa vidole vinavyocheza
miaka ya kiazi.

Mimi sasa natunza maabara ya shule, Soweto.
Nawaambia wanafunzi: zebaki ni mpagazi.
Huibeba dhahabu kutoka mchangani,
huibeba fedha.
Viwandani iliwahi kubeba sodiamu kutoka maji ya chumvi,
ikaitua kwenye maji matamu,
yakazaliwa magadi makali ya kupikia sabuni;
kisha ikarudi mikono mitupu kubeba tena.
Wanaelewa upesi. Nusu yao
baba zao wamebeba mahema ya wageni mlimani.

Ombeni, wa dirishani, akauliza:
"Mpagazi akitoroka, huenda wapi?"
Nilisema: mitoni, kwa samaki, mbali.
Sikusema: kwenye kisahani.

Pete imo bado koponi, nyeupe ubavu.
Ningeweza kuisafisha. Sijaombwa.
Na Mama, mpaka leo, hatii kiazi chunguni
kabla hajakipasua katikati
na kutazama ndani.